Mthamini na dalali wa haki za gesi West Virginia: mmoja nampa tano, mwingine tatu

Wadau, kwa wasiopenda kusoma marefu naanza na jibu kabisa. Kama umerithi gesi iliyo chini ya ardhi kule Marekani na barua za wanunuzi zimeanza kuingia, usijibu hata moja kabla hujamlipa mthamini wa kujitegemea, yaani mtu ambaye hanunui, hauzi na hali kamisheni ya mauzo. Sisi tulitumia mthamini kwanza, dalali baadaye, na hii ni rivyu ya wote wawili, majina siweki.

Kwa sisi tuliokulia Afrika Mashariki hili jambo linachanganya, maana kwetu gesi ikionekana chini ya shamba lako ni ya taifa, wewe unalipwa fidia ya mihogo na migomba basi. Kule mtu binafsi anaweza kuuza shamba juu akabaki na kilichopo chini, na ndivyo ilivyokuwa kwa ukoo wa mume wangu: shamba liliuzwa zamani huko, gesi ikabaki mikononi mwao. Mama mkwe alipofariki, mume wangu na dada zake wawili wakajikuta wana mali ambayo hawajawahi hata kuiona, kaunti ya Wetzel, juu ya mwamba wenye gesi unaoitwa Marcellus, na chini zaidi yake kuna mwingine, Utica. Hundi ndogo ndogo za mrabaha, yaani fungu la mwenye gesi kwenye mauzo ya kampuni inayochimba, zilikuwa zinaingia kwa mama kila mwezi, hakuna aliyejua zinatoka wapi hasa.

Sasa mirathi ikishaandikishwa kwa karani wa kaunti inakuwa wazi kwa kila mtu, na kuna watu kazi yao ni kukaa kwenye masijala wanasoma madaftari. Barua zikaanza. Moja ilikuja na kitu kinachofanana na hundi, jina la mume wangu limechapwa vizuri kabisa, na hati ya kuhamisha umiliki imeambatanishwa, yeye wa kusaini tu. Ukisoma maandishi madogo unakuta sio hundi, ni drafti ya benki inayolipwa baada ya siku 30 za kazi, tena kama mnunuzi ataridhika na umiliki wako. Yaani wewe umeshatoa hati yenye sahihi, yeye ana mwezi na zaidi wa kutafuta mtu wa kumuuzia kwa bei ya juu, akimkosa drafti inarudi haina kitu. Na ndani ya hati kulikuwa na mstari mmoja mfupi unaosema unauza ekari zilizotajwa pamoja na haki nyingine yoyote uliyonayo ndani ya kaunti hiyo, hata isiyotajwa. Bongo hawa tungewaita vishoka, ila hawa wanavaa suti na karatasi zao zina nembo.

Turudi kwa mthamini. Ni injinia wa petroli, bei yake ni ya mkupuo, nusu unalipa mwanzo nusu ukipokea ripoti. Nilichompendea ni kwamba hakuanza na bei, alianza na makaratasi: mkataba wa zamani wa kukodisha, karatasi ya mgao kutoka kwenye kampuni inayochimba, na vile vipande vinavyoambatana na hundi ambavyo watu wengi wanatupa. Kisha akasema wazi kwamba yeye sio mtu wa hati, tutafute mtu wa kupekua umiliki kaunti, na hiyo ni gharama nyingine ambayo haikuwa kwenye bei aliyotupa mwanzo. Hapo alinikera kidogo, angesema siku ya kwanza. Ila upekuzi wenyewe ulilipa, maana zile barua zilikuwa zinamhesabia mume wangu ekari 12 na kumbe ni 20, kuna baba mdogo alifariki bila mtoto fungu lake likarudi kwa ukoo na hakuna aliyekuwa amelifuatilia.

Ripoti yake ndiyo iliyonifungua macho. Hesabu ya mgao ni rahisi ukishaelezwa: chukua ekari zako halisi, gawanya kwa ekari za yuniti nzima ya kisima (ardhi za watu mbalimbali zilizounganishwa zichimbwe pamoja), zidisha kwa asilimia ya mrabaha. Ukiwa na ekari 10 ndani ya yuniti ya ekari 640 kwa mrabaha wa moja ya nane (asilimia 12.5), unapata 0.00195, kwa hiyo yuniti ikiuza gesi ya dola milioni moja wewe fungu lako ni kama dola 1,950 kabla ya makato. Ukipata desimali yako unalinganisha na ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya kampuni, zisipolingana unauliza.

Ile moja ya nane nayo ina habari yake. Ndiyo iliyo kwenye mkataba wetu, uliosainiwa enzi za mababu, na kwa sababu kisima cha zamani kiliendelea kutoa gesi kidogo kidogo mkataba haukufa, unaendelea kubana mpaka leo, wakati jirani ambaye ardhi yake ilikuwa huru alisaini juzi juzi kwa asilimia 18. Mwamba ule ule, ekari zile zile, thamani tofauti. Mtu akikwambia kule ekari ni dola kadhaa bila kuuliza mkataba wako unasemaje, huyo anakisia.

Halafu kuna ile hesabu wanayopenda wanunuzi, ya kuchukua mrabaha wa mwezi na kuzidisha mara kadhaa. Visima vya miamba hii vinaanza kwa kishindo halafu vinashuka vibaya sana, mwaka wa kwanza peke yake vinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake. Ukizidisha hundi nono ya kisima kipya unajidanganya kwamba wewe ni tajiri, ukizidisha hundi ya kisima kilichotulia unauza kwa bei ya kutupa, na vyote viwili havihesabu visima ambavyo bado havijachimbwa. Mthamini aligawa mali yetu mafungu matatu: gesi inayotoka sasa, visima vyenye kibali tayari (vibali unaviona kwenye tovuti ya idara ya mazingira ya jimbo, bure), na sehemu iliyo tupu. Fungu la tatu alilikata sana, akaeleza kwa nini, hakuna anayejua kampuni itafika huko lini au kama itafika.

Bei ya gesi nayo ni balaa. Pale Henry Hub, Louisiana, ambako ndiko bei ya rejea ya nchi inakotajwa, mwaka 2020 ilikuwa inazunguka dola 2 kwa MMBtu (kipimo cha joto wanachouzia gesi), Agosti 2022 ikavuka 9, Februari 2024 ikawa chini ya 2 tena. Na gesi ya Appalachia, yaani ukanda wa milima wenye West Virginia na Pennsylvania, kwa kawaida inauzwa chini ya hiyo kwa sababu gesi ni nyingi mabomba hayatoshi. Bomba la Mountain Valley lilianza kazi Juni 2024 likapunguza shida kiasi. Kwa hiyo ripoti haikutupa namba moja, ilitupa ya chini, ya kati na ya juu, na nilimwamini zaidi kwa hilo.

Kitu kingine ambacho dalali asingekigusa ni makato. West Virginia mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliamua mwaka 2006 kwenye kesi ya Tawney kwamba kampuni haiwezi kukukata gharama za kusafirisha na kusafisha gesi kama mkataba hausemi hivyo waziwazi. Vuka mpaka uingie Pennsylvania, kule mwaka 2010 waliamua vingine, makato yanaruhusiwa. Mthamini aliona makato kwenye vipande vyetu akatwambia tumpelekee wakili kabla ya kuuza, kwa sababu ukiuza bila kuliweka hilo sawa unaweza ukauza na madai yako humo humo.

Na kodi. Kule Marekani mali ya urithi inahesabiwa kama uliinunua kwa thamani ya siku marehemu alipofariki. Kama siku ile ilikuwa dola 60,000 na umeuza 70,000, faida ya kutozwa ni 10,000 tu. Lakini lazima uwe na karatasi ya kuonyesha ile 60,000 ilitoka wapi, na ripoti ya mthamini ndiyo hiyo karatasi. Hapo tu alirudisha hela yake. Tano kati ya tano, gharama ya upekuzi nimemsamehe.

Dalali sasa. Kazi yake kubwa aliifanya vizuri, alipanga makaratasi akayatuma kwa wanunuzi wengi kwa pamoja na tarehe ya mwisho ya kutoa bei, na waliposhindana bei ilipanda mpaka juu ya ile namba ya kati ya ripoti, barua za mwanzo hazikuwa zimekaribia hata ile ya chini. Kamisheni yake ni asilimia na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni mkataba wake, ulitaka kutufunga mwaka mzima na alipwe hata tukimuuzia mtu tuliyemtafuta wenyewe, tukabishana mpaka akakubali miezi michache. Baada ya kupata mnunuzi simu zikawa za shida. Malipo ya mrabaha yanachelewa miezi kadhaa nyuma ya gesi yenyewe, kwa hiyo lazima mkataba wa mauzo useme gesi ya kuanzia mwezi gani ni ya mnunuzi, yeye aliandika tarehe iliyomnufaisha mnunuzi na ilibidi wakili wetu ndio aishtukie. Kodi ya kaunti nayo ilikuja kwa jina letu wakati tumeshauza, akasema ni kawaida. Inawezekana ni kawaida, ila angesema mapema tukate kwenye bei. Pia hela ilipitia kwa wakala wa kati, hati haikutoka mpaka hela imefika, hilo alisimamia vizuri sana. Tatu.

Mume wangu aliuza nusu ya ekari zake, nusu akabaki nazo. Dada mkubwa aliuza zote, mdogo hakuuza kitu, na hakuna aliyemhitaji mwenzie kusaini, kila mmoja na fungu lake. Kama hundi yako ni ya dola chache kwa mwezi na hakuna kibali chochote karibu, mthamini wa aina hii atakula karibu chote unachopata, bora ulipie upekuzi wa hati tu uhakikishe jina lako limesomeka kaunti na kodi haijalala, kwa sababu kodi ikilala wanaipiga mnada.