Matembezi ya tiba Karura: msitu unatuliza, mwongozaji anavuruga

Hivi karibuni nililipia matembezi ya tiba ya msitu huko Karura, Nairobi, kupitia kampuni ambayo sitaitaja, na hasira haijanitoka, kwa sababu utulivu tuliouziwa ulisindikizwa na spika iliyoning'inia kwenye mkoba wa mwongozaji tangu langoni.

Mama mmoja wa makamo, ambaye daktari alikuwa amemshauri apunguze mawazo kutokana na shinikizo la damu, alimwomba mwongozaji kwa adabu: "Mwanangu, tafadhali tupunguzie huo muziki." Kijana yule, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake, alimjibu kwamba wateja hupenda uchangamfu. Mbega wawili waliokuwa wakila majani juu ya mti wa muhugu, mikia yao myeupe ikining'inia mbele yetu, waliruka na kutokomea, tukabaki tukitazama matawi yakitikisika.

Anayeuza huduma hii anapaswa kuielewa. Idara ya misitu ya Japani ilipoanza kuihimiza mwaka 1982, ilikusudia watu watembee polepole, wanuse na wasikilize. Baadaye tafiti za daktari Qing Li wa Tokyo zilionyesha kwamba safari ya msituni ya siku tatu iliongeza nguvu ya chembe za kinga zinazoshambulia virusi na saratani, na athari hiyo ikadumu zaidi ya wiki. Sababu mojawapo anayoitaja ni mafuta ambayo miti huyatoa hewani. Sisi tulikimbizwa kutoka kituo kimoja cha picha hadi kingine.

Hata hivyo, nitakuwa mwongo nikidai kwamba sikunufaika. Spika ilipoishiwa chaji karibu na mapango ya Mau Mau, tulisikia maji na ndege, kifua changu kikalegea, na usiku ule nililala fofofo. Nilikuwa tayari kusamehe na kutoa nyota tatu.

Lakini nikikumbuka kwamba Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapo Januari 1999 wakipanda miti ili msitu usinyakuliwe, siwezi kuvumilia anayeugeuza ukumbi wa disko kwa faida yake. Natoa nyota moja. Lipeni kiingilio langoni, mwende wenyewe asubuhi na mapema. Na kampuni hiyo imrudishie mama yule pesa zake, pamoja na kumwomba radhi.