Thurber wa Sabasaba: elfu tano, jalada halipo

Mimi ni fundi wa mabango hapa Dodoma. Saluni, vinyozi, mabucha, kuta za maduka ya spea za bodaboda: nachora kwa brashi na rangi ya mafuta. Tangu mashine za fleksi, zile za kuchapa mabango ya plastiki, zijae mjini kazi imepungua, kwa hiyo muda wa kusoma ninao. Nayasema haya mapema ili ujue anayekikagua kitabu hiki ni mtu anayelipwa ili kichwa cha ng'ombe ukutani kifanane na kichwa cha ng'ombe.

Kitabu ni The Thurber Carnival, mkusanyiko wa hadithi na katuni za Mmarekani James Thurber, uliotoka mwaka 1945. Nimekinunua Soko la Sabasaba kwa kijana anayeuza vitabu vya mtumba. Habari za waandishi hana. Bei anapanga kwa unene. Alianza na elfu kumi. Nikamwonyesha kwamba jalada halipo na gundi ya mgongoni imekauka, kurasa za mwisho zinachomoka. "Basi mzee wangu, lete tano. Ila hicho kina picha ndani, ujue." Picha zenyewe angezitazama vizuri, angeshuka hadi elfu mbili.

Maana tusifichane, kwa vipimo vya kazi yetu Thurber hajui kuchora. Watu wake hawana mifupa, mikono inaishia popote inapochokea, wanawake wanatisha na wanaume wamenywea. Kivuli hakuna, ni mstari mtupu. Mbwa ndio amewapatia: masikio mazito, na uso wa mzee wa kanisa aliyepitiwa na usingizi katikati ya mahubiri. Sisi tuliokulia kwenye gazeti la Sani, na Madenge na Ndumilakuwili wake, tumezoea katuni yenye vurugu kila pembe. Huyu anakupa kitanda, watu wawili, basi. Lakini nimecheka kibandani peke yangu hadi jirani yangu, mama wa chapati, akaja kuuliza kulikoni.

Kilichonimaliza ni hicho kitanda, katuni iliyotoka katika gazeti la The New Yorker mwaka 1932. Mke na mume wamelala. Juu ya ubao wa kichwani, nyuma yao, amekaa sili, yule mnyama wa baharini mwenye masharubu, anatazama mbali kama hayamhusu. Mke amekasirika, anamwambia mumewe: haya, iwe unavyotaka wewe, umesikia sili akibweka! Sasa sikia ilivyozaliwa. Thurber alikuwa anachora sili juu ya mwamba. Mwamba ukatoka kama ubao wa kitanda. Fundi yeyote hapa mjini angekwangua rangi na kuanza upya. Yeye akauacha mstari ulivyo, akashusha kitanda chini yake, akalaza watu. Kwa hiyo utani haukuwa kichwani mwake ukisubiri kuchorwa. Aliuokota kwenye karatasi mkono ulipokwisha kupita. Hapo ndipo nilipoacha kumpimia kwa rula yangu.

Alizaliwa Columbus, Ohio, mwaka 1894. Utotoni kaka yake alimpiga mshale katika mchezo wa kulengana, jicho moja likaenda, na lililobaki likafifia mwaka hadi mwaka. Mwishowe alikuwa akichora kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa kubwa, hadi 1951 akaacha kabisa. Akafariki 1961.

Michoro yake yenyewe alikuwa akiitupa. Aliyeiokota ni E. B. White, mwenzake wa ofisi moja hapo The New Yorker, akaipitishia wino na kuipeleka kwa wakubwa. Mmojawapo ulikuwa wa sili mwingine, akiwa juu ya mwamba. Ukarudi na mchoro wa kitaalamu pembeni, wa kumfundisha masharubu ya sili yanavyokaa. White akaurudisha vilevile na kijibarua: masharubu ya sili wa Thurber ndivyo yanavyokaa. Yeye alikuwa na rafiki wa namna hiyo; mimi marafiki zangu wananiletea kadi za harusi niandike bure.

Upande wa maandishi, anza na zile habari za nyumbani kwao, alizozitoa kwanza mwaka 1933. Kuna bibi aliyeamini kwamba umeme unadondoka kwenye soketi isiyo na balbu. Anazunguka nyumba nzima akifunga balbu. Ikiwaka, anakimbilia swichi na kuizima, kisha anarudi kusoma akiwa ameridhika kwamba amezuia hatari na hasara pia. Mtu wa LUKU, anayelipia umeme kabla ya kuutumia, anamwelewa kabisa huyu bibi. Kuna na siku ya mafuriko ya 1913, watu wa upande ambao maji yasingewafikia walipotimua mbio kwa uvumi kwamba bwawa limepasuka. Chukua mtu apige kelele bwawa la Hombolo limepasuka, halafu aliye juu ya kilima cha Mlimwa naye akusanye watoto. Anasimulia bila haraka na bila kuwatukana, na ndiyo maana inachekesha.

Zile za wanandoa wa New York wanaogombana zimenichosha. Mwanamke kila mara ndiye adui, ukisoma ya nne unaijua ya tano. Mke wangu alisoma tatu, akakirudisha mezani akaendelea kuchambua mlenda. Kiingereza nacho si cha mchezo, na michezo yake ya maneno mingine imenipita juu.

Kwa elfu tano nimefaidi. Kijana wa Sabasaba namshauri jambo moja: avifunike vitabu kwa nailoni, vumbi la mwezi wa nane linaingia hadi katikati ya kurasa. Na ukimwendea, usioneshe kwamba unakijua unachokitafuta. Beba kwanza kamusi nene, ulizia bei, lalamika, kisha ndiyo uchukue hicho chembamba ulichokijia.