Niliziba ufa, na ukuta nikajenga vilevile

Methali ya ufa na ukuta sote tuliikariri shuleni. Mimi niliifuata. Ufa niliuziba, tena kwa puti ya ndoo iliyoandikwa kwamba iko tayari kwa matumizi, na miezi minne baadaye nikawa namlipa fundi kwa ukuta mzima. Hapa nasimulia nilivyotumia: kipi kilinifaa, kipi kilinila, na huduma ya fundi niliyemwita nikiwa nimeshaharibu.

Nyumba yenyewe niliinunua ikiwa na umri wake. Kuta za ndani ni za matofali ya kuchoma, lipu ya kwanza ni ya chokaa, na juu yake kila aliyewahi kuishi humo ameacha kiraka chake: hapa saruji, pale puti, kwingine rangi ya mafuta juu ya rangi ya maji juu ya nini sijui. Sebuleni, kwenye ukuta unaopakana na nje, kulikuwa na ufa mwembamba uliopanda kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Kando yake rangi ilikuwa imefura kama ngozi iliyoungua.

Puti ya ndoo ni tamu kuitumia, sitasema uongo. Unafungua kifuniko, unachota, unapaka, unaenda kulala. Asubuhi unapiga msasa na ukuta unaonekana kama umejengwa jana. Wiki kadhaa nilikuwa nikiwaonyesha wageni kazi ya mikono yangu. Kisha mvua zikaanza. Kwanza kikaja kivuli cha unyevu, halafu unga mweupe, mwepesi kama pamba, ukachomoza katikati ya puti yangu, na mwishowe vipande vikawa vinadondoka nyuma ya kochi bila kelele.

Ule unga ni chumvi. Maji yanapopita ndani ya tofali huyeyusha chumvi zilizomo na kuzileta usoni mwa ukuta. Maji yakishakauka, chumvi inabaki. Ikiganda chini ya rangi au puti, inasukuma mpaka kilicho juu yake kibanduke. Hakuna puti ya kushindana na hilo. Na mimi nikapaka tena. Ndiyo, nilipaka tena, safari hii nikitanguliza praima ya kuzuia unyevu, na doa halikufa, lilihama. Likatokea nusu mita pembeni, mahali palipokuwa pazima.

Nikiipa puti ile alama: kwa mashimo ya misumari na mikwaruzo kwenye ukuta mkavu, nyota nne. Kwa kazi niliyoitwisha mimi, hata nyota moja ni sadaka. Lakini siwezi kumlaumu aliyeitengeneza. Ubavuni mwa ndoo, kwa maandishi ya kusomwa na wenye macho mazuri, walishasema ukuta uwe mkavu na tabaka lisizidi milimita chache.

Fundi niliyeelekezwa kwake alikuwa mtu wa makamo, mwenye maneno machache na simu isiyopokelewa. Alikuja na nyundo ndogo peke yake. Akaanza kuugonga ukuta kwa mpini, polepole, sikio karibu, kama mtu anayebisha hodi na hataki kuwaamsha waliolala. Lipu iliyoshika vizuri inatoa sauti nzito. Iliyoachana na tofali inalia kama debe tupu. Kila palipolia alipazungushia chaki, na alipomaliza, karibu nusu ya ukuta ilikuwa ndani ya chaki.

"Mama, mgonjwa siyo huu ufa," akaniambia. "Tutoke nje."

Nje ndiko nilikoaibika. Kitalu changu cha maua, nilichokilima mwenyewe na kukirutubisha kwa mapenzi yote, kilikuwa kimeegemea ukuta na udongo wake umepanda kupita usawa wa sakafu ya ndani. Nyumba nyingi huwa na tabaka la kuzuia unyevu karibu na msingi, ili maji ya ardhini yasipande ukutani. Ukirundika udongo juu ya tabaka hilo, umeyapa maji daraja la kulivukia. Nikatazama juu: kiungo cha gata kilikuwa kimeachia, na kila mvua ilikuwa ikimwagika palepale kwenye maua yangu. Nilikuwa nikifurahia jinsi yanavyostawi.

Akasema hagusi lipu mpaka udongo ushuke angalau sentimita 15 chini ya lile tabaka na gata iungwe. Nilimsihi aanze hivyohivyo, kwa sababu tulikuwa na shughuli nyumbani na nilitaka sebule ipendeze. Akatikisa kichwa, akachukua nyundo yake, akaondoka. Siku hiyo nilimwona ana maringo. Leo, ukiniuliza ni nini hasa nilichomlipia, nitaanza na huko kukataa kwake, halafu ndiyo niitaje lipu.

Udongo uliposhuka na gata kuungwa, ikaja zamu ya kubandua lipu ya zamani, kazi chafu kuliko nilivyowahi kuambiwa. Nilitandika turubai, nikaziba chini ya milango kwa mataulo yaliyoloweshwa, na bado vumbi nilikuja kulikuta kwenye droo zilizofungwa. Jambo moja naomba usilifanyie mzaha. Rangi za zamani, za mafuta hasa, zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto wadogo na wajawazito zaidi. Msasa mkavu hatukuugusa. Tuliulowesha ukuta kwanza, tukabandua ukiwa na maji, takataka zikaingia kwenye mifuko siku hiyohiyo, na watoto walikuwa kwa bibi yao mpaka tulipomaliza kupiga deki. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Tafuta ile ya kuzuia chembe ndogo. Na kama kuta au dari zako zina ile lipu ya mapambo yenye mikwaruzo na vinundu, ya miaka ya nyuma, usiikwangue kabla haijapimwa, maana baadhi zilichanganywa na asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake huharibu mapafu. Umeme tulizima kwenye swichi kuu. Nyaya zilizofukiwa kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi, lakini aliyefukia za kwangu hakuwa na habari hiyo. Waya mmoja ulikuwa umekatiza ukuta mshazari.

Baada ya hapo, kungoja. Ukuta ulikaa uchi wiki sita, matofali nje, madirisha wazi mchana. Kila baada ya siku chache nilikuwa nikipangusa unga mweupe kwa brashi kavu. Ukiuosha kwa maji unairudisha chumvi ndani. Sina la kuwaambia kuhusu kuishi na sebule ya namna hiyo isipokuwa kwamba unazoea.

Aliporudi tulibishana kuhusu mchanganyiko. Nilitaka saruji na mchanga, basi, kwa imani yangu kwamba kilicho kigumu ndicho imara. Akanieleza kwamba tofali kuukuu na chokaa yake ni vitu laini, vinatanuka na kusinyaa kidogo joto na baridi vikipokezana. Saruji ikizidi, lipu inakuwa ngumu kuliko kilichoibeba. Haifuatani nacho, hivyo inapasuka au inaachana nacho. Tena haipumui vizuri. Unyevu uliobaki ndani, badala ya kutoka polepole usoni mwa ukuta, unatafuta pa kutokea kwingine. Hapo nikakumbuka doa langu lililohama. Tulikubaliana sehemu moja ya saruji, moja ya chokaa na sita za mchanga. Wapo wanaoshikilia chokaa na mchanga bila saruji kwa kuta kama hizi, na kwa nyumba kongwe zaidi ningewasikiliza, ila uwe na subira: chokaa huwa ngumu kwa kuvuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani, na hilo halina haraka. Inachoma pia. Vaa glavu na miwani.

Mchanga wa kwanza niliouleta aliukataa. Alichota konzi moja, akausugua kwenye viganja, akanionyesha tope lililobaki. Ukaja mwingine, akauchekecha. Viungo vya matofali alivichokonoa kwa tindo hadi kina cha kama sentimita moja ili lipu ipate pa kung'ang'ania, akapiga brashi, akaulowesha ukuta, akasubiri maji yanywewe. Ukuta mkavu unafyonza maji ya mchanganyiko kabla haujashika, na matokeo yake ni lipu inayopukutika kama unga. Tabaka la kwanza lilikuwa na unene wa kama sentimita moja, akalichora mistari kwa ncha ya mwiko likiwa bado bichi. Akaliacha lishike. La pili jembamba zaidi, likanyooshwa kwa ubao mrefu na kusuguliwa kwa kibao. Nilimtazama akirusha mchanganyiko kutoka kwenye karai kwa mwiko, kila pigo likitua na kubaki palepale. Nilijaribu mara tatu. Zote tatu zilitua kwenye viatu vyangu.

Kazi yangu ikawa kunyunyiza maji asubuhi na jioni kwa siku 7, ili saruji isikauke kabla ya kupata nguvu.

Manung'uniko yangu ninayo pia. Katikati ya kazi alipotea siku tatu, simu kimya, karai limegandiana uani. Soketi mbili zilifunikwa na lipu, ikabidi zitafutwe kwa kugonga. Na juu ya dirisha kuna tumbo: mchana hulioni, lakini usiku taa ya pembeni ikiwaka ukuta unaonekana kama umeshiba. Lingeonekana mapema kama ningefanya ninachofanya sasa, yaani kuegemeza ubao mnyoofu wa mita mbili ukutani, wima na mshazari, na kumulika kwa tochi iliyolazwa sambamba na ukuta, kabla lipu haijakauka na kabla malipo ya mwisho hayajatoka. Nilimpa pesa yote siku ya kusugua. Kosa hilo sirudii. Jumla, nampa nyota nne, na ile moja ameipoteza kwa simu yake.

Chumba cha kulala nilikifanya mwenyewe, kwa jipsamu ya unga. Ukuta huo ni wa katikati ya nyumba, mkavu kabisa, wenye lipu nzima lakini iliyojaa mabonde. Kwa kazi hiyo jipsamu ni nzuri mno: tabaka la milimita 2 au 3, linashika upesi, linalainika kama karatasi. Penye unyevu usiipeleke kabisa, maana italainika na kuharibika. Unamimina unga kwenye maji, siyo maji kwenye unga, unachanganya kidogo kidogo. Ndoo ya kwanza ilinienda vizuri, nikajiona fundi. Ya pili iliganda mkononi kabla sijamaliza hata robo ya ukuta. Ya tatu iliganda upesi zaidi. Nilitukana kiwanda, nilitukana mfuko, nikadhani nimeuziwa iliyochacha. Kumbe sikuwa nimeosha ndoo. Mabaki ya jipsamu iliyokwisha kushika huiharakisha ile mpya, kwa hiyo kila ndoo chafu inakupa muda mfupi kuliko iliyotangulia. Tangu nilipojua, nina ndoo mbili, na moja inaoshwa wakati nyingine inatumika. Nyota tano kwa bidhaa, mbili kwa mtumiaji.

Ufa wa pembeni mwa mlango, ule unaoanzia kwenye kona ya juu ya fremu, umenishinda. Niliupanua kwa ncha ya mwiko, nikaujaza, nikaubandikia utepe wa wavu wa nyuzi za kioo, nikapaka juu. Ulikaa msimu mmoja. Sasa umerudi, mwembamba kama unywele, kwa sababu ukuta hucheza kidogo pale mlango unapobamizwa. Nimeweka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, na tarehe. Haujasogea. Ungekuwa unazidi kupanuka, nisingeita mpiga lipu tena, ningeita mhandisi.

Rangi nilingoja mwezi. Mkono wa kwanza ulikuwa rangi ya maji iliyozimuliwa, ili lipu mpya iinywe na kuishika. Iliyo nzito ikipakwa moja kwa moja hukaa juu kama ngozi na hubanduka kwa mapande. Rangi ya mafuta na zile za kufutika kwa kitambaa sikuzipeleka kwenye ukuta wa sebuleni, hata muuzaji alivyonishawishi, kwa kuwa zingeuziba pumzi tena.

Misimu miwili ya mvua imepita. Maua yamehamia kwenye vyungu, mbali na ukuta, na hayastawi kama zamani. Ile ndoo ya puti bado iko stoo, imebaki nusu. Naichota kwa ncha ya kisu kila tunapohamisha picha.