Uzoefu wangu: ziara ya miguu Rotterdam, stori ya Pim Fortuyn na LPF

Wakuu, kwa mlioko Uholanzi au mnaopita huko, nimeifanya hii ziara ya Pim Fortuyn, mwanasiasa wa huko aliyepinga uhamiaji, na chama chake LPF (Lijst Pim Fortuyn), na mrejesho wangu ndo huu.

Mnaanzia kwenye sanamu la Fortuyn katikati ya mji na hapo jamaa anayewatembeza anakaa sana aisee, mara Februari 2002 katimuliwa chama cha Leefbaar Nederland kisa mahojiano ya gazeti alipouponda Uislamu, fasta akaanzisha LPF, chama chenye jina lake mwenyewe, Machi watu wake wakabeba viti 17 kati ya 45 vya halmashauri ya Rotterdam, tarehe 6 Mei akapigwa risasi Hilversum akitoka redioni, siku 9 kabla ya uchaguzi, na chama bila mwenyewe kikazoa viti 26 kati ya 150 vya bunge, namba mbili nchi nzima. Sawa, ila hayo hata mtandaoni yapo bure.

Utamu uko kwenye nyumba yake. Hapo ndo unapewa stori ya hao 26 walivyoingia serikalini Julai na vyama vikubwa vya CDA na VVD. Naibu waziri wao mmoja, Philomena Bijlhout, kaapishwa na siku hiyohiyo kajiuzulu, zimetoka picha zake na sare ya wanamgambo wa Bouterse, mtawala wa kijeshi wa zamani kule Suriname 😂. Halafu mawaziri wawili wa chama hichohicho, Bomhoff na Heinsbroek, wanagombania unaibu waziri mkuu, Oktoba 15 amezikwa Prince Claus, mume wa Malkia Beatrix, kesho yake serikali chali. Uchaguzi wa Januari 2003 LPF viti 8, 2006 sifuri, 2008 wakafunga kabisa.

Mwongozaji anasema risasi ndo iliua chama. Mi nakataa, ile listi ya wagombea ilikusanywa kwa wiki chache, watu hata hawajuani vizuri, kilichowaunganisha ni bosi tu, na hapohapo vyama vikubwa vikaanza kuongea lugha yake kuhusu wahamiaji, sasa mpiga kura abaki kufanya nini? Geert Wilders, mwanasiasa mwingine anayepinga uhamiaji, alivyokuja na chama chake PVV 2006 akajiongeza, mwanachama rasmi ni yeye peke yake, nani atampindua. Hili nililiuliza, jamaa akacheka tu, akapita.

Nyota tatu na nusu. Kiingereza chake kinaeleweka, bei siyo mbaya, ila kama mko wachache mwombeni afupishe pale kwenye sanamu, pana upepo balaa.