Uzoefu wangu na TED Talks: dakika saba zilizonisimamisha kikobani

Niseme mapema, mimi kwenye vikao vya kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ni mtu wa kukaa nyuma. Nanung'unika njiani wakati wa kurudi nyumbani ila mbele za watu mdomo haufunguki. Ndo maana naandika, labda kuna dada kama mimi huko.

TED Talks ni hotuba fupi, zilianza kuwekwa bure mtandaoni 2006, nyingi hazivuki dakika 18. Mdogo wangu aliniwekea apu mwaka jana, nazishusha penye waifai alafu jioni nasikiliza nikiwa jikoni, bando haliguswi. Nyingine zinanipita tu, mtu anaongea vizuri, makofi yanapigwa, ukimaliza hujui ufanye nini. Ila mbili zimenikaa.

Ya kwanza ya Boniface Mwangi, yule mpiga picha wa Kenya, ya 2014, dakika saba hivi. Utotoni walimwita Softy kwa upole wake, baadae akapiga picha za vurugu zilizofuata uchaguzi wa 2007, alafu akaona wanasiasa wanarudi kwenye maisha yao kama hakijatokea kitu, moyo ukakataa. Madaraka Dei 2009, sikukuu ya taifa ya Kenya, akapanga na wenzake wasimame uwanjani wampazie sauti rais akiwa anahutubia. Muda ukafika, wenzake wakabaki wamekaa, akasimama peke yake na akakamatwa.

Hapo kwa wenzake nilirudisha nyuma mara tatu. Mana wanaotutia moyo wengi husema ongea tu, watu watakuunga mkono, huyu anakwambia wanaweza wasikuunge na bado ukasimama. Kwangu imesaidia kuliko maneno yote matamu.

Ya pili ya Margaret Heffernan, mwandishi wa mambo ya biashara, 2012. Anamsimulia Alice Stewart, daktari wa Oxford miaka ya 1950, aliyegundua kwamba mama akipigwa eksirei akiwa mjamzito mtoto anakuwa kwenye hatari zaidi ya saratani. Ilipita miaka 25 ndo hospitali za Uingereza na Marekani zikaacha! Lakini kilichonishika ni mtu wake wa takwimu, George Kneale, ambaye kazi yake aliiona ni kutafuta Alice amekosea wapi. Akitafuta akakosa, Alice anasimama na uhakika wake.

Sasa kikoba chetu. Tuko 27, mfuko wa jamii kila mtu buku mbili kwa wiki, ya misiba, uzazi na wagonjwa. Wiki 12 mahesabu hayajasomwa, ukiuliza daftari liko nyumbani. Nikakaa nikapiga hesabu, zimeingia 648,000, misaada mitatu ya laki moja moja imetoka, ibaki 348,000. Zamani ningeishia hapo nikaanza kusema watu, safari hii nikampelekea shemeji yangu ambaye ni mhasibu, nikamwambia shemeji nitafutie nilipokosea. Akaniuliza, na yule mama mliyempeleka hospitali? Kweli, elfu 50 nilikuwa nimeisahau kabisa, yaani ningesimama na ile 348,000 ningeaibika na hoja ingekufa palepale.

Tukakubaliana wanachama watatu tuulize pamoja. Siku ya kikao nikawaangalia wenzangu, wameinamia simu. Magoti yalikuwa yanatetemeka jamani, ila nikasimama, nikasema mama mwenyekiti, kwa heshima zote naomba daftari la jamii lisomwe leo, hesabu yangu inaonyesha 298,000, kama nimekosea nisahihishwe. Kimya. Mwenyekiti akamtuma kijana wa bodaboda alifuate. Lilivyosomwa elfu 40 haikuwa imeandikwa popote, mweka hazina akasema alimkopesha mwanachama na atairudisha, na amerudisha. Mpaka leo salamu yake kwangu ni ya juu juu, inaniuma kwa sababu ni jirani yangu, ila sasa daftari linasomwa kila kikao cha kwanza cha mwezi na nisingerudi nyuma.

Kwa ambao Kiingereza kinawapita haraka, washeni manukuu, yale maandishi ya chini ya video, na ya Kiswahili yapo kwa baadhi ya hotuba, yanatafsiriwa na watu wanaojitolea. Ndugu zangu mnaokijua Kiingereza vizuri tafadhali mjitolee na nyie. Mama yangu hakijui, ya Mwangi nilimsimulia tukiwa tunachambua mchele, akaniambia rudia tena pale wenzake walipobaki wamekaa.