Birika la umeme kwa mtu wa Bukavu: angalia swichi kwanza, mengine baadaye

Birika lililonifanya niandike haya liko juu ya kabati, limerudi ndani ya sanduku lake. Nililipia dola 38. Lina kioo, lina taa ya buluu, na kwenye mkono kuna kiskrini kinachokuonyesha maji yamefika digrii ngapi. Siku ya kwanza nilibonyeza 100 kwa ajili ya chai, nikaenda kumwogesha mtoto. Niliporudi, kiskrini kilisoma 95, maji yanatokota kwa kishindo, jiko lote mvuke, na triplex ya dari, zile mbao nyembamba, juu ya meza imeanza kuvimba. Nikasimama nikitazama. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu: 95 ile ile. Halikuzima. Nililichomoa mwenyewe.

Nilimrudishia muuzaji. Akaniambia, "Mama, hiyo ni umeme wenu wa nyumbani, birika ni zima." Hakurudisha hata franki moja.

Aliyenifumbua macho ni mdogo wangu, mwalimu wa fizikia. Nilipomsimulia aliuliza tu: "Dada, hiyo 100 utaipata wapi hapa?" Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na sisi tunajenga juu ya vilima vinavyolizunguka. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito, na maji huchemka mapema. Hapa kwetu yanatokota kwenye digrii 95 hivi. Digrii 100 ni za Moanda na Dar es Salaam, watu wa pwani. Ukiwasha moto zaidi, maji hayapandi joto, yanageuka mvuke tu. Kwa hiyo birika linalosubiri 100 hapa Bukavu linasubiri kitu kisichokuja. Yako mabirika ya namna hiyo yaliyotengenezwa vizuri, yanayotambua kwamba joto limesimama na kujizima. Langu halikuwa hivyo, na sandukuni hakuna neno lolote la kukuonya.

Jirani zangu wawili waliposikia habari hii waliogopa: kama maji yetu hayafiki 100, je, kolera inakufa? Inakufa. Shauri la OMS, shirika la afya duniani, ni kuyafikisha maji kwenye kutokota kwa nguvu, kisha kuyaacha yapoe yenyewe. Kwenye 95 vijidudu vya kolera havibaki.

Basi tuzungumze swichi, maana watu wengi wananunua birika kwa rangi, kwa lita na kwa wati. Hayo utayaona mwenyewe dukani, sina la kuongeza.

Birika zuri halipimi digrii. Linanusa mvuke. Ndani yake kuna njia nyembamba inayochukua mvuke kutoka juu ya maji hadi kwenye kisahani kidogo cha bimetali, yaani metali mbili zilizogandishwa pamoja, moja ikivimba kwa joto kuliko mwenzake. Ujuzi huo ni wa zamani: John Harrison, fundi saa wa Uingereza, aliutumia katika karne ya 18 ili saa yake ya baharini isipotoshwe na joto na baridi. Mdogo wangu alinifungulia birika bovu la mama yetu akanipa hicho kisahani mkononi. Ni kidogo kama sarafu, kimebonyea katikati kama kifuniko cha kopo. Tulikishika kwa koleo juu ya sufuria ya maji yanayochemka: kimya, kimya, halafu *tik*, kikageuka upande wa pili kwa mara moja. Hiyo *tik* ndiyo unayolipia. Kingekuwa kinajipinda polepole, cheche zingeruka kila mara kati ya vidole vya swichi hadi viungue. Kikigeuka ghafla, umeme unakatika safi.

Na kwa kuwa kinangoja mvuke, si namba, hakijali uko Moanda au Bukavu. Maji yakitokota, mvuke unakuja, kinazima.

Chini ya birika kuna walinzi wengine, visahani vya bimetali vinavyogusana na bamba la kupasha. Kazi yao ni kukata umeme maji yakiisha. Kwenye swichi nzuri kuna pia kipande cha plastiki kinachoyeyuka na kukata kabisa vyote vikishindwa. Aliyezifanya swichi hizi zienee ni John Taylor wa kisiwa cha Man, aliyeiongoza kampuni ya Strix, ambayo hutengeneza swichi zinazowekwa ndani ya mabirika ya majina mbalimbali. Otter ya Uingereza nayo ni ya ukoo huo huo, kwa kuwa ilianzishwa na baba yake, Eric Taylor. Kwa hiyo geuza birika chini, utafute mojawapo ya majina hayo kwenye plastiki ya katikati au kwenye sanduku. Strix imeigwa sana, jina peke yake lisikutoshe. Jaribu.

Jaribio langu ni hili. Mimina nusu lita, funga kifuniko, washa. Maji yakianza kutokota kwa nguvu, anza kuhesabu. La kwangu la sasa linazima nikifika 8. Moja nililojaribu Nyawera, hapa mjini, nilifika 40 bado linaendelea, nikamrudishia mwenyewe. Kosa mara nyingi liko kwenye kifuniko: hakikai sawasawa, mvuke unatoka juu badala ya kupita kwenye njia yake, na kisahani hakipati habari. Pitisha kidole kuzunguka ukingo wa kifuniko. Kikicheza, acha. Jioni, umeme unaposhuka, kosa hili linakuwa baya zaidi. Birika la wati 2,200 kwenye volti 220, likipewa volti 160, linabaki na nguvu ya wati 1,160 hivi, karibu nusu. Mvuke wake ni dhaifu, na kama kifuniko kinavuja, unaweza kula ugali ukamaliza bado linatokota.

Sasa ununue lipi? La kwanza kwangu ni Russell Hobbs la chuma, lenye swichi ya kawaida ya kubonyeza chini, bila kiskrini. Siwafichi, nalipenda jina hili. Bill Russell na Peter Hobbs ndio waliotoa, mwaka 1955, birika lao K1 lililojizima lenyewe kwa mvuke kugonga bimetali, na hadi leo sijaona wazo bora kuliko hilo. Langu lina miaka sita. Kila mwezi nalisafisha kwa ndimu, nabadilisha maji, basi. Tatizo lake ni prizi. Mengi yanayofika kwetu yanapitia Uganda yakiwa na prizi ya Kiingereza yenye meno matatu mapana. Usilitumie na adapta ya dola moja. Shaba yake ni nyembamba kama karatasi, na birika linavuta ampea 10. Yangu ya kwanza iliyeyuka ikashikamana na ukuta. Mpe fundi aondoe prizi hiyo, afunge ya duara ya ampea 16 yenye waya wa ardhi.

La pili ni Moulinex au Tefal, ambayo ni nyumba moja, kundi la SEB la Ufaransa. Yanayotoka Ufaransa yanaingia kwenye prizi zetu moja kwa moja, na kwa mtu asiye na fundi wa kuaminika hiyo ni sababu ya kutosha. Chagua la chuma. Ya plastiki ya jina hilo ni mepesi, na kifuniko kinaanza kulegea mapema.

La tatu, birika la kuchagua digrii, kwa wale wa kahawa. Kahawa yetu ya Kivu inastahili maji ya 92 au 93, nakubali, na hapa tuna bahati kwamba maji yetu yakitokota yako karibu sana hapo. Subiri nusu dakika baada ya *tik*, umefika. Ukilitaka kweli, nunua lile tu utakalolijaribu kwenye 100 mbele ya muuzaji na likajizima.

Yale ya plastiki ya dola 8 hadi 12: mwanafunzi anayekaa peke yake na asiyeondoka jikoni atalitumia. Zaidi ya hapo sina neno. Ile resistansi ya kutumbukiza ndani ya ndoo ya maji haina swichi yoyote ya joto, na nyumbani mwangu haiingii.

Sasa wauzaji. Kwa nini soko zima la Kadutu ni vigumu kupata mtu atakayekuruhusu kutia maji ndani ya birika kabla ya kulipa? Wanaliwasha likiwa tupu sekunde mbili, taa inawaka, "Umeona mama, inafanya." Taa si swichi! Redio utaisikia ikiimba, simu utaiona ikiwaka, pasi utaigusa. Birika peke yake ndilo tunalouziwa kwa kutazama. Na bei: sanduku lile lile nililoona ng'ambo ya mto Ruzizi, Kamembe ya Rwanda, kwa hesabu ya dola 27, juu huku linaombwa 45, na ukiuliza garanti wanakuandikia siku tatu nyuma ya risiti. Siku tatu, kwa kitu ambacho kosa lake linaonekana siku umeme umeshuka.

Mimi sasa natoka nyumbani na chupa ya nusu lita ya maji mkobani. Nikikataliwa kujaribu, nasema asante papa, naenda meza inayofuata. Wiki iliyopita mmoja, mama wa makamo karibu na ngazi za soko, alichukua chupa mwenyewe, akamimina, akafunga kifuniko, tukahesabu pamoja kwa sauti. Tukafika 11. Dada yangu alilinunua hapo hapo.