Islam and Modernity ya Fazlur Rahman: safari ya kwenda nimeielewa, ya kurudi bado

Nimekipata mtumba, jalada limechoka na kurasa kama mbili zinaning'inia ila maandishi yanasomeka, sina neno na muuzaji. Niwaambie mapema tu, kama unakitaka kwa ajili ya tafsiri ya Qurani basi nyama yote iko kwenye utangulizi, huko mbele ni habari za elimu, Uturuki, Misri, Pakistan, mpaka unasinzia.

Hoja ya Fazlur Rahman, mwanazuoni wa Kiislamu wa kutoka Pakistan, ni safari mbili. Ya kwanza unatoka leo unarudi Makka na Madina ya karne ya 7 uone aya ilishuka kujibu tatizo gani, unachukua lengo lake, alafu ya pili unalileta hilo lengo huku kwetu. Sisi wa madrasa tutasema mbona sababu za kushuka aya tunazisoma toka utotoni, ni kweli, ila yeye hatosheki na kisa cha aya moja moja, anataka hali nzima ya jamii ile, biashara yao, mayatima wao, watumwa wao. Ndo maana kwenye mitala aliisoma Nisaa aya ya 3 pamoja na ile ya 129 inayosema hamtaweza kufanya uadilifu baina ya wake hata mkikazania, akaona lengo ni mke mmoja. Jirani yangu mwenye wawili hajapenda kabisa.

Sasa pale anapobishana na mwanafalsafa Mjerumani Gadamer ndo kaniacha njiani. Gadamer anasema msomaji hawezi kujivua historia iliyomlea, mzee Rahman anakataa, anasimama na mwanasheria Mtaliano Betti kwamba alichokusudia msemaji kinafikika. Haya, kinafikikaje kama mimi na yule mfanyabiashara wa Makka hatuna kitu kimoja ndani yetu? Mi ningeenda moja kwa moja Rum aya ya 30, fitra, umbile lisilobadilika, maana kumdhulumu yatima kuliuma kule na kunauma hapa mtaani. Yeye daraja hilo analipita kila siku lakini hatuonyeshi nguzo zake, na mtu wa historisizimu, yaani anayeona kila wazo ni zao la zama zake, akimuuliza hilo lengo umejuaje siyo la zama zako mwenyewe wewe profesa wa Chicago, jibu la kunitosha sikuliona.

Kimetoka 1982, Kiingereza chake kizito, kaa na kamusi. Nyota 4. Nakala yangu anayo mjomba toka Rajabu, nikimuulizia ananijibu bado yuko safari ya kwenda.